Kalunguyeye Mchukuzi na Kanuni za Bwana Ngiri

— Jamani wangu, mpo?
— Tupo, na masikio tumekuja nayo!
— Nikiwapa ya kweli?
— Tutasinzia!
— Nikiwapa ya uongo?
— Tutatoa macho!
— Basi sogeeni, na yule anayepasua njugu apasue polepole.

Palikuwa na pango, na nje ya pango palikuwa na mvua. Si manyunyu, la. Masika yenyewe, ile mvua ambayo hata vyura huanza kulalamika. Wanyama walibanana mle ndani, hakuna pa kwenda, hakuna pa kunyoosha mguu. Kutwa nzima wangefanya nini? Walicheza.

Mchezo wao uliitwa Safari. Nitaueleza mara moja tu, kwa hiyo tulieni. Katika Safari kuna msimulizi mmoja, na msimulizi wao alikuwa Mama Mhanga, ambaye ndiye aliyelichimba pango lile kwa kucha zake mwenyewe. Mama Mhanga anasema, "Mmefika mtoni, mto umefurika, mnafanyaje?" Kila mchezaji ana mhusika wake wa kubuni, na anajibu kwa niaba ya mhusika huyo. Huyu ni mwimbaji, yule ni mganga, mwingine askari wa mkuki. Ukisema, "Naogelea," unatupa dadu lao, kokwa la tunda la mkoche lililochorwa nukta: koro-koro-koro, tu! Nukta zikiwa nyingi, umevuka. Zikiwa chache, umekunywa maji. Maji yenyewe ni ya kubuni, lakini kuchekwa ni kwa kweli.

Na pango lile lilikuwa na desturi yake. Ukiokota kitu safarini, unabeba mfano wake mgongoni. Umeokota ngao? Unawekewa gome la mti. Umeokota almasi? Unawekewa jiwe. Mama Mhanga alisema mchezo wa mdomo mtupu ni mchezo wa wavivu.

Mshindi alipata nini? Ah, hapo ndipo penyewe! Mshindi alipata kona kavu. Pango zima lilivuja, to-to-to, to-to-to, isipokuwa kona moja tu kule nyuma. Na kona hiyo alikuwa anailalia Bwana Ngiri, kila siku, peke yake, miguu ameitawanya utadhani amelinunua pango.

Bwana Ngiri alikuwa anashindaje kila siku? Kwa kanuni. Pangoni, kabla dadu halijatupwa, mchezaji yeyote aliruhusiwa kuleta kanuni mpya ya kujitungia. Wote wakisema "Haya," Mama Mhanga anagonga sakafu kwa ukucha, go! Ikishagongewa, ni sheria mpaka safari iishe, na inamfunga kila mtu. Sasa Ngiri akileta kanuni, huku ametoa meno yale yaliyopinda, nani atasema "Sitaki"? Kanga alisema "Haya." Kima alisema "Haya." Walisema haraka, tena kwa tabasamu.

Kwa hiyo mhusika wa Ngiri hakuwa askari wala mganga. Aliitwa Jemadari-Joka. Ana mkuki wa moto. Ana mabawa. Ana ngozi ya chuma. Wengine wakitupa dadu mara moja, yeye anatupa mara mbili na kuchagua lililo zuri. Na juu ya hayo yote, kila kinachookotwa njiani, akiokote nani, ni mali ya mwenye nguvu kuliko wote. Na mwenye nguvu kuliko wote ni nani? Usiniulize mimi, muulize Ngiri.

Basi. Karibu na mlango wa pango, pale mvua inaporukia ndani, alikaa Bi Kalunguyeye na watoto wake. Nyinyi mnamjua, kale kadogo kenye miiba, kakishtuka kanajikunja kuwa mpira. Watoto wake walikuwa wamelowa mpaka miiba imelala. Na yule wa mwisho alikuwa anakohoa. Kho-kho-kho. Anapumzika kidogo, halafu kho-kho-kho. Kila kikohozi kilimchoma mama yake tumboni.

Asubuhi hiyo Kalunguyeye alikuwa amemwendea Ngiri, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Mm."

"Bwana, mwanangu hajambo kidogo tu, kifua kimembana. Naomba umpe nafasi hapo pembeni ya mgongo wako. Ni mdogo, hata hutamsikia."

Ngiri alifungua jicho moja. "Namsikia tangu alfajiri. Mwambie akohoe kimyakimya, nataka kulala."

Kalunguyeye alirudi mlangoni. Hakulia. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira hana muda wa kulia. Alikaa akamtazama Ngiri kwa makini, namna mtu anavyokitazama kisiki kinachomkwaza kila siku. Na akaona jambo. Likianguka jani pangoni, Ngiri alinyanyua kichwa: "Changu!" Kanga akidondosha unyoya: "Changu!" Hata hakujua autumie kwa nini. Kalunguyeye akaliona hilo, akalizungusha kichwani, akalizungusha tena, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze.

Mchana Mama Mhanga akaita mchezo. "Leo ndiyo safari kubwa," akasema. "Mshindi wa leo atakaa kona kavu mpaka mvua ikatike. Kuna mwenye kanuni mpya?"

Ngiri akakohoa kwa majivuno. "Za kwangu zote za jana zinaendelea. Haya?"

"Haya," wakasema Kanga na Kima.

"Haya," akasema Kalunguyeye, tena kwa sauti ya kukubali hasa. "Ila nina wasiwasi, Bwana Ngiri."

"Wasiwasi gani?"

"Wasiwasi juu yako, bwana. Una mali nyingi sana safarini. Kima huyu mkono wake mwepesi. Je, akiidokoa mali yako akaitupa mtoni kwa kijicho tu?"

Kima akataka kujitetea, lakini Ngiri alikwisha kasirika. Mkia ukasimama wima, twi!

"Aitupe mali yangu? Nani? Naleta kanuni! Mali ya Jemadari-Joka haitupwi! Atakayeitupa chini, atoke nje ya pango hili mpaka mvua ikatike!"

"Mtu yeyote?" akauliza Kalunguyeye taratibu.

"Mtu yeyote! Hata angekuwa mama yangu mzazi!"

"Hapo umesema, bwana. Haya!"

"Haya," wakasema wengine.

Mama Mhanga alimtazama Kalunguyeye kidogo, masikio yake marefu yakacheza. Akagonga, go! Ikawa sheria.

"Sasa chagueni wahusika," akasema. Kanga akawa mwimbaji, kama kawaida yake, maana kimya kinamshinda. Kima akawa mganga. Ngiri akawa Jemadari-Joka, mnamjua.

"Mimi nitakuwa mchukuzi," akasema Kalunguyeye.

Tangu Safari ianze kuchezwa, hakuna aliyewahi kuchagua kuwa mchukuzi. Ngiri akainama karibu na uso wake.

"Mchukuzi ana mkuki?"

"Hana, bwana."

"Ana mabawa?"

"Hana, bwana."

"Ana dawa, ana upanga, ana hata fimbo ya kumfukuzia mbwa?"

"Hana, bwana."

"Sasa ana nini?"

"Ana macho. Akitazama chini huwa hakosi cha kuokota."

Ngiri alicheka mpaka akajamba. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa, sitaficha. "Vizuri sana!" akasema. "Wewe okota! Okota, mama, okota!"

Safari ikaanza. Mama Mhanga akaeleza kwa sauti yake ya puani kwamba mwisho wa njia lipo jumba, ndani ya jumba kipo kigoda cha mfalme, na atakayekuwa wa kwanza kukikalia kigoda ndiye mshindi.

"Mmeingia jangwani," akasema. "Mnafanyaje?"

Kanga akaimba. Kima akatafuta maji. Ngiri akasema, "Natangulia!"

"Mimi natazama chini," akasema Kalunguyeye.

Koro-koro-koro, tu!

"Umeona sufuria kubwa la shaba."

"Changu!" akasema Ngiri.

Kima akachukua jiwe, akaliweka mgongoni kwa Ngiri. Ngo!

"Mmeingia kijiji kilichohamwa. Mnafanyaje?"

"Natangulia!"

"Natazama chini."

Koro-koro-koro, tu!

"Umeona jiwe la kusagia unga."

"Changu!"

Ngo!

"Mmepita kwa mhunzi aliyekimbia vita."

"Natangulia!"

"Natazama chini."

Koro-koro-koro, tu!

"Umeona fuawe, lile la kufulia vyuma. Chuma kitupu."

Hapo Kalunguyeye akaweka mkono kifuani, akasema kwa huruma, "Bwana Ngiri, hili liache. Ni zito, halafu lina kutu. Mtu mkubwa kama wewe wa nini na fuawe?"

Kumbe alikuwa anatia kuni motoni. "Niliache?" Ngiri akafoka. "Ili ulirudie wewe baadaye? Nani amekutuma? Changu! Lete!"

Ngo! Safari hii lilikuwa jiwe ambalo Kima na Kanga walilisukuma pamoja.

Sijui mmewahi kumwona mlafi akibeba asichokihitaji. Raha yake huisha haraka, lakini mdomo hauna habari. Kalunguyeye aliokota kinu na mchi wake. "Changu!" Ngo! Aliokota mlango wa ngome iliyobomoka, mlango tu, ngome haipo. "Changu!" Ngo! Aliokota sanamu ya mfalme ambaye hakuna anayemkumbuka jina. "Changu!" Ngo! Ngiri alikuwa anatoka jasho. Miguu ya mbele ilianza kutetemeka, tete-tete, na ule mkia uliokuwa wima ukaanza kuning'inia. Lakini kila Kalunguyeye alipotazama chini, Ngiri naye alitazama chini, macho yamemtoka.

Na kule mlangoni, kho-kho-kho. Kalunguyeye alisikia. Akishindwa leo, mtoto wake atalala majini mpaka mvua ikatike, na mvua yenyewe haikuwa na dalili. Alijua kabisa. Akaendelea kucheza.

"Mmefika kwenye korongo," akasema Mama Mhanga. "Chini hakuonekani. Kuna daraja la kamba."

"Ha!" Ngiri akahema. "Mimi nina mabawa! Naruka!"

"Ulitaja mabawa ya kumbeba joka," akasema Mama Mhanga. "Fuawe hukulitaja."

"Basi naleta kanuni..."

"Kanuni huletwa kabla dadu halijatupwa, Bwana Ngiri. Pita darajani na wenzako, tena uwe wa mwisho, usije ukawaangusha."

Wakavuka. Kanga akavuka akiimba, Kima akavuka kwa mkono mmoja akijionyesha, Kalunguyeye akavuka mikono mitupu. Ngiri akavuka akihesabu pumzi. Lakini upande wa pili alitupa dadu mara mbili, akachagua lililo zuri, akawapita wote mbio. Ee, mnyang'anyi ana bahati zake! Akawa wa kwanza kufika mlango wa jumba, huku wenzake wako nyuma kwa mbali.

"Mlango ni mwembamba," akasema Mama Mhanga. "Unaingiaje?"

Sasa nisikilizeni. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa, hata siku moja. Ngiri yeyote, wa kijijini kwenu na wa kwetu, huingia kinyumenyume, matako mbele, uso nje, ili adui akija amkute na meno. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Kwa hiyo hata hakufikiri.

"Nageuka," akasema. "Naingia kinyumenyume."

"Na mzigo?"

"Na mzigo!"

Koro-koro-koro, tu! Sita! Akatupa tena. Sita nyingine!

"Umeingia vizuri sana," akasema Mama Mhanga. "Matako yamepita. Mbavu zimepita. Sasa mlango wa ngome umekwama kwenye mlango wa jumba, na sanamu imekaba juu. Kwenda mbele huwezi, kurudi nyuma huwezi."

"Nasukuma!"

"Sukuma."

"Nasukuma kwa nguvu za joka!"

"Umezidi kukwama. Ungekuwa na nguvu kidogo ingekuwa nafuu."

Ilibaki dawa moja tu, kuutupa mzigo chini. Lakini mzigo hautupwi. Nani alisema hautupwi? Ngiri alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Wengine wakafika. Kanga akasema, "Tumekwisha, ameziba mlango!" Kima akasema, "Ndiyo basi tena!"

"Mama Mhanga," akasema Kalunguyeye, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Bwana Ngiri ana miguu minne. Chini ya tumbo lake pana nafasi?"

"Ya kiasi cha kalunguyeye mmoja, ipo."

"Basi napita hapo."

Akanyoosha mkono alichukue dadu. Mama Mhanga akaliwekea ukucha juu.

"Hapana, mwanangu. Asiyebeba kitu hatupi dadu ili apite mlangoni. Anapita tu."

Pango zima likasema, "Aaah!"

Kalunguyeye akapita. Chini ya tumbo la Jemadari-Joka, kati ya miguu yake ya nyuma, akatokea ndani ya jumba. Na kule ndani palikuwa na kigoda.

"Changu!" Ngiri akapiga kelele. "Kigoda changu! Kila kinachookotwa ni changu! Kanuni! Kanuni!"

"Kweli kabisa, bwana," akasema Kalunguyeye. "Lakini mimi sikukiokota. Nimekikalia."

Go! ukucha wa Mama Mhanga ukapiga sakafu. "Kalunguyeye ameshinda!"

Lo! Kanga alipiga vigelegele mpaka mate yakamrukia Kima. Kima alipinduka kichwa chini miguu juu. Kalunguyeye mwenyewe alikuwa anasema "Nimeshinda? Nimeshinda? Nimeshinda!" akizunguka pale pale, miiba imesimama yote, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka.

Na Ngiri? Hasira ilimpanda kutoka kwatoni mpaka pembe za meno. Alisimama ghafla amrukie Kalunguyeye, akajikung'uta kwa nguvu zake zote. Mawe yakamwagika. Ngo! Ngo! Ngo-ngo-ngo-ngoo!

Mvua tu, to-to-to.

"Jamani," akasema Kanga, na kwa mara moja katika maisha yake alisema polepole, "nani ametupa chini mali ya Jemadari-Joka?"

Wote wakamtazama Ngiri. Ngiri akatazama mawe.

"Mali ni yangu mwenyewe!" akasema.

"Na kanuni ni yako mwenyewe," akasema Kalunguyeye. "Ulisema mtu yeyote. Nilikuuliza, bwana, ukasema hata mama yako."

"Mchezo umekwisha!"

"Mchezo huisha nikisema umeisha," akasema Mama Mhanga. "Sijasema."

Ngiri akatoa meno yale yaliyopinda, akamgeukia Kima. "Naleta kanuni. Ngiri hatoki nje. Sema haya."

Kima akanyamaza.

"Kanga! Sema haya!"

Kanga akatazama dari.

Wakasogea. Kima upande huu, Kanga upande ule, Mama Mhanga katikati na makucha yaliyochimba pango zima, na mbele yao wote kale kadogo kenye miiba. Ngiri alikuwa amechoka, miguu inamcheza, mgongo unamuuma kwa kubeba jiwe la kusagia ambalo hakuna aliyelisagia unga. Akageuka, akatoka. Nje, chubwi-chubwi-chubwi, akapotelea mvuani. Na mimi simwonei huruma hata kidogo.

"Sasa mchezo umekwisha," akasema Mama Mhanga.

Kalunguyeye akawabeba watoto wake mmoja mmoja hadi kona kavu. Akawapangusa, akawapanga, yule wa mwisho akamweka katikati ambako pana joto. Kho, akakohoa mara moja. Wote wakasubiri kikohozi cha pili. Hakikuja. Mtoto alikuwa amelala, anakoroma kisauti chembamba. Kima na Kanga wakasimama pembeni, wanaona haya kuomba, lakini Kalunguyeye akawaita. "Njooni. Kona ni kubwa. Alikuwa ni yeye tu ndiye mpana."

Na Ngiri, tangu siku ile, magoti yake ya mbele hayakurudi sawa. Ndiyo maana hadi leo ukimkuta anakula, utamkuta amepiga magoti.

Haya, mnataka funzo. Kila mara mnataka funzo, utadhani hadithi ni dawa. Funzo ni hili: mtu akitaka kufanikiwa, ajitungie kanuni nyingi kadiri awezavyo, kama Bwana Ngiri, aliyeshinda michezo yote isipokuwa ule mmoja. Na watoto, mkiona kitu njiani, chochote kile, semeni "Changu!" kabla hamjakiangalia. Na kamwe, kamwe msiwape wadogo nafasi ya kuuliza maswali.

— Aliyeelewa?
— Anyamaze!
— Asiyeelewa?
— Akaifundishe!
— Nami nimemaliza, nipeni hizo njugu, kama mmenibakishia.